Kofia ya Njano Chini ya Viti vya Waya

Daktari Edeltraud Wukovits hakujua kuteleza kwenye theluji, na katika Austria hilo ni jambo ambalo mtu mzima hulificha kama anavyoficha kwamba hajui kusoma. Watoto wa milimani hufungwa skii, zile mbao ndefu za kutelezea, miguuni kabla hawajazoea kula kwa kijiko. Yeye alizaliwa mashariki ya nchi, kwenye tambarare ya mizabibu, kando ya ziwa la Neusiedl, ambako kitu kirefu kuliko vyote ni mnara wa kanisa, na juu ya mnara huo korongo wamejenga kiota. Baba yake alikuwa mkata matete. Matete ya ziwa lile hukatwa wakati wa baridi kali, maji yakishaganda na kuwa sakafu, na kazi ya bintiye ilikuwa kumpelekea baba mchuzi wa maharage kabla haujapoa. Njia fupi ilikuwa juu ya barafu. Kwa hiyo Edeltraud alijifunza kuteleza kwa viatu vya vyuma, vyenye ubapa wa chuma chini ya nyayo, kwenda kwa mbele na kopo la mchuzi mkononi, kurudi kinyumenyume ili amwone baba akipungua mpaka awe nukta kati ya matete. Barafu aliijua kama wengine wanavyoujua uwanja wa nyumbani kwao. Theluji ya kwenye mteremko, hapana.

Alisomea udaktari Vienna, akawa mpasuaji, kisha akafanya jambo ambalo wenzake wa darasa walilihesabu kuwa kupotea: akarudi kwao. Katika hospitali ndogo ya mji wa Schilfdorf akawa mkuu wa idara ya upasuaji, na hakuwa mpasuaji wa kuandikwa magazetini. Alishona ngiri, alitoa nyongo zenye mawe, alifungua matumbo yaliyojisokota ya wakulima waliochelewa kuja kwa sababu zabibu zilikuwa hazijavunwa. Jambo aliloliona kuwa lake hasa lilikuwa kufundisha. Kila mara walikuwepo madaktari vijana wawili mezani kwake, na aliwaachia kisu mapema kuliko walivyotarajia, naye akasimama upande wa pili mikono yake ikiwa tayari na mdomo wake ukiwa umefungwa. Wengi wa waliopita pale sasa ni wakuu wa idara kwingine.

Kila Januari chama cha wapasuaji wa nchi nzima hukutana Hinterlahn, kijiji cha Tirol chenye mahoteli mengi kuliko ng'ombe. Mihadhara huanza alfajiri, husimama asubuhi ingali mbichi, na kuendelea jioni jua likishazama nyuma ya mlima. Katikati, siku nzima, ukumbi hubaki na viti vitupu na harufu ya kahawa, kwa kuwa waheshimiwa wote wako juu mlimani wanateleza. Nani aliyeamua kwamba watu wa kisu wakutane mahali ambapo asiye na skii ni sawa na asiye na ulimi? Hakuna aliyeamua, ndivyo ilivyokuwa tangu enzi za maprofesa waliokwisha kufa, na jambo lisiloamuliwa na mtu ni gumu kulipinga kuliko sheria. Ubaya haukuwa katika kuteleza. Ubaya ulikuwa katika viti vya waya, vile vinavyowabeba watelezaji kutoka kijijini hadi kileleni, sita kwa sita, miguu ikining'inia hewani. Humo ndimo mambo ya chama yalimokatwa. Asubuhi mtu angetoa hoja ukumbini, akaambiwa itajadiliwa. Jioni wangerudi, nyuso zimebabuka kwa jua isipokuwa duara nyeupe ya miwani kuzunguka macho, na hoja ikawa imekwisha jadiliwa. Kilichobaki kilikuwa kuinua mikono.

Edeltraud aliyajua hayo yote na akanyamaza, maana alikuwa na aibu. Mwaka wake wa kwanza walipomwuliza mbona hapandi, alisema goti linamsumbua. Mwaka uliofuata ulikuwa mgongo. Kisha mafua, kisha nyonga, kisha tena goti. Wapasuaji ni watu wenye huruma kwa wenzao, wakaacha kumwuliza. Naye, wakishaondoka, alivaa kofia yake ya sufu ya njano, akachukua viatu vyake vya vyuma, akaenda nyuma ya shule ya msingi ambako kijiji kina kiwanja cha barafu. Saa hizo watoto wako darasani. Kiwanja kizima kilikuwa chake. Alizunguka, alikata namba nane, alirudi kinyumenyume macho yake yakiangalia mahali ambapo angekuwepo baba. Angeulizwa siku ya kufa kwake ni wapi alipokuwa na raha zaidi nje ya chumba cha upasuaji, angetaja kiwanja kile, na si uongo.

Mwaka huu raha hiyo iliingiwa na mdudu. Kamati ya mafunzo ya chama, watu watano, wote wanaume, ilikuwa ipendekeze ni idara zipi ziendelee kuwa na idhini ya kufundisha wapasuaji. Schilfdorf ilikuwa zamu yake kukaguliwa. Kila mmoja ajuaye hospitali ndogo anajua maana yake: idhini ikiondoka, madaktari vijana hawaji, vijana wasipokuja, wazee wanastaafu bila mrithi, na baada ya miaka michache mlango wa idara unafungwa kwa kukosa watu, bila hata mtu wa kulaumiwa. Mkulima mwenye tumbo lililojisokota angesafirishwa saa nzima barabarani akiomba lisipasuke.

Alhamisi wakati wa chakula cha jioni, Edeltraud akiwa mbele ya bakuli la madonge ya mkate katika mchuzi wa nyama, rafiki yake Leopoldine Harrer alivuta kiti na kuketi karibu. Poldi, kama alivyoitwa na wote, alikuwa mtaalamu wa kulaza wagonjwa usingizi, mjane mwenye ulimi mkali, na aliteleza vizuri kuliko nusu ya wanaume.

"Traudl, shoga yangu, acha kwanza kijiko," alisema, akilifupisha jina lake kama kawaida. "Wameshakata shauri. Leo kwenye viti. Kesho jioni ni mikono tu."

"Shauri gani?"

"La kwenu. Wanaiondoa idhini. Sikusikia sababu, upepo ulikuwa mwingi, na yule Brandl wa kamati alipoona nasikiliza akaanza kunisimulia habari za mbwa wake."

Edeltraud akasema kwamba takwimu za idara yake ni nzuri, kwamba wanafunzi wake wote wamefaulu, kwamba kamati haijamwuliza hata swali moja. Poldi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia kwamba hayo yote ni kweli na kwamba hayana maana, kwa sababu ameyasemea chini, na mambo yanaamuliwa juu. Akamega kipande cha mkate wa mwenzake, akaongeza kwa upole kidogo kuwa kamati ina mazoea ya kupanda mara tu kahawa ya asubuhi inapokwisha, kwenye viti vilevile, pamoja.

Usiku ule Edeltraud alilala vizuri, jambo lililomshangaza. Hasira ikikaa mahali pake hulaza mtu kama godoro jipya.

Asubuhi ya Ijumaa hakwenda kiwanjani. Kofia ya njano aliitia mfukoni kwa mazoea, akatembea kwa viatu vya kawaida hadi kituo cha viti vya waya. Mlinzi wa viti alikuwa Vinzenz, mwanamume mwenye masharubu yaliyoganda, ambaye baridi ilimfunza kusema maneno machache.

"Mama, skii zako umezisahau wapi?"

"Sina."

"Na huko juu unakwenda kufanya nini bila skii?"

"Kuzungumza."

Vinzenz alimtazama, akatazama foleni nyuma yake ambamo Profesa Emmerich Thurnwalder, mwenyekiti wa kamati, alikuwa akikaza buti pamoja na Daktari Ottokar Brandl; wenzao watatu wa kamati walikuwa wametangulia kupanda. Akaelewa nusu, na nusu ikamtosha. Alisema watembeao kwa miguu wanaruhusiwa kupanda ilimradi washuke kwa kiti kilekile, akampunguzia waya mwendo, na kabla wale wawili hawajajipanga vizuri alikuwa ameketi katikati yao na chuma cha usalama kimeshushwa mapajani.

"Bi Daktari Wukovits," alisema Profesa, akageuka kadiri helmeti ilivyomruhusu. Alikuwa mtu mrefu, mwenye adabu za kizamani. "Unajisikia nafuu?"

Edeltraud alijibu kwamba hajambo kabisa, Bwana Profesa, akashangaa kwa nini sauti ya Profesa ilikuwa kama ya mtu anayeingia wodini. Brandl, mnene na mcheshi, alimwuliza kama baridi si nyingi kwake. Akavua hata skafu yake akamtandikia magotini. Huruma hiyo ilimtia shaka kuliko matusi.

Wakapita nguzo ya nne, yenye kibao kinachosema kwamba hapo ni mita elfu moja. Wanaume wale wawili wakagonga chuma cha usalama kwa ngumi, mara moja, kama wanaobisha hodi.

"Hii ndiyo mila yetu," Profesa alieleza. "Juu ya mita elfu hakuna Bwana Profesa wala Bi Daktari. Huku mimi ni Emmerich."

"Na mimi Ottokar. Kule chini nakuogopa, huku hapana."

Miaka yote ile Edeltraud alikuwa peke yake chamani aliyewaita kwa vyeo asubuhi na jioni, akidhani ndiyo heshima. Kumbe wenzake waliacha vyeo kwenye nguzo ya nne na kuviokota tena wakati wa kushuka. Akagonga chuma naye. "Traudl," alisema, na neno hilo dogo likamfungua kifua.

Brandl alikuwa akichungulia chini kati ya skii zake. Kule bondeni, nyuma ya paa la shule, kiwanja cha barafu kilimeremeta kitupu. Akasikitika kwamba leo hayupo.

"Nani?" Edeltraud aliuliza.

"Kofia ya Njano. Kila mwaka tunamwona hapa tukipita. Mwanamke fulani wa kijijini, anateleza kwenye barafu, ah, mwenzangu, utadhani hana mifupa. Kinyumenyume! Mimi nasema ni mwalimu wa ile shule. Huyu Emmerich anang'ang'ania eti ni bingwa wa zamani."

"Ni bingwa," Profesa alisema. "Tazama nyonga zinavyofanya kazi. Mwalimu gani ana nyonga zile?"

Edeltraud aliweka mkono mfukoni, akaishika sufu ya kofia, akaiacha humo. Kwanza kilichomleta. Akawauliza waziwazi kwa nini wanaiondolea Schilfdorf idhini. Wakatazamana juu ya kichwa chake. Chini, ukumbini, Profesa angejibu kwa sentensi ndefu yenye vigezo na miongozo. Lakini nguzo ya nne ilikuwa imepitwa.

"Traudl, tulitaka kukusitiri," alisema. "Kanuni inataka mkufunzi mkuu awe na afya ya kufundisha miaka mitano mbele. Tumekuona. Kila jioni unaingia ukumbini unachechemea. Kikombe unakishika kwa mikono miwili ili kisitetemeke. Miaka yote hii hupandi mlimani. Goti, mgongo, nyonga."

"Mimi nilisema ni nyonga," Brandl aliongeza kwa unyenyekevu. "Yeye anasema ni mishipa ya fahamu, ule ugonjwa wa mtetemo. Tumebishana sana. Lakini sote tuna huzuni."

Mficha uchi hazai, wahenga walisema, na hapa asingeumia yeye peke yake. Idara nzima ingekufa kwa kuficha kwake. Lakini hasira iliyompanda haikuwa ya kujilaumu tu. Wataalamu wawili, wenye vyeti vya kujaza ukuta, walikuwa wamechukua visingizio vyake vya kila Januari, wakavijumlisha, wakapata ugonjwa, wakautolea hukumu, na katika miaka yote hiyo hakuna hata mmoja aliyenyoosha mkono akasema, hebu nione hilo goti.

"Sijui kuteleza kwenye theluji," alisema. Neno lile lililomkaa kooni tangu ujana lilitoka jepesi kama kikohozi. "Sijawahi. Kwetu hakuna mlima. Niliona haya kusema, nikasema goti. Nachechemea jioni kwa sababu nimetoka kuvua viatu vya vyuma, na miguu inasahau ardhi. Kikombe nakishika kwa mikono miwili kwa sababu mikono imeganda."

"Viatu vya vyuma vya nini?" aliuliza Brandl.

Akatoa kofia ya njano, akaivaa, akaishusha mpaka kwenye nyusi.

Brandl alicheka mpaka kiti kikayumba na watu wa kiti cha nyuma wakapiga kelele kuuliza kuna nini. Alipopata pumzi alitaka kumbusu mkono, akakumbuka ana glavu. Walipokaribia kileleni Profesa alikuwa ameshapata suluhisho, kwa sababu hakuwa mtu mbaya. Asingoje jioni, alisema. Yeye mwenyewe angepanda na wale watatu waliobaki, mmoja baada ya mwingine, na kabla ya chakula cha mchana jambo lingekuwa limekwisha. Hakuna ambaye angejua kitu.

Hapo ndipo ilipokuwa njia rahisi, na Edeltraud aliiona wazi, imefunguliwa mbele yake kama mteremko uliosawazishwa. Angeipata idhini yake. Na mwaka ujao idara nyingine ndogo, ya mtu mwingine asiye na skii, ingekufa kwenye kiti hikihiki.

"Asante, Emmerich, lakini hapana," alisema. "Jambo limeharibiwa kwenye viti, litatengenezwa ukumbini."

"Ukilisema ukumbini utatuaibisha. Wale watatu wanaweza kukaidi kwa ajili hiyo tu. Unaweza kushindwa."

"Najua."

Alibaki kitini, akazunguka gurudumu kubwa linalogeuza waya kileleni, na kushuka peke yake, uso wake ukielekea bonde, akipishana na viti vilivyokuwa vikipanda. Wapasuaji wa Austria nzima walimwona akipita kwa kofia ya njano, na baadhi yao walinyoosha vidole.

Jioni ukumbi ulijaa nyuso zenye duara nyeupe. Profesa Thurnwalder alikuwa ameanza kusoma mapendekezo, na jina la Schilfdorf lilipofika, sauti yake ikasita. Edeltraud akasimama. Hakuzungumza sana. Alikiri hadharani, mbele ya watu mia tatu, kwamba hajui kuteleza na kwamba alidanganya kwa aibu. Watu wa nyuma wakacheka, akawaacha wacheke. Kisha akasema kwamba uongo wake ni wake na ataubeba, ila chama kina wa kwake: kinaita watu ukumbini na kuamua angani. Akaketi, mikono yake ikatulia magotini, haitetemeki.

Mjumbe mmoja wa kamati, mwenye shingo nyekundu, alisema kwa ukali kwamba taarifa za afya ya mkufunzi zilitoka kwa watu wengi wa kuaminika, na kwamba lisemwalo lipo. Ndipo Poldi alipoinuka katika safu ya katikati, hakungoja kupewa nafasi.

"Swali moja tu," alisema. "Nani alimpima mgonjwa?"

Hakuna swali linalomchoma mpasuaji kuliko hilo. Ndilo analoulizwa mwanafunzi siku ya kwanza, na ndilo analoulizwa mkosaji siku ya mwisho. Yule mwenye shingo nyekundu alitazama karatasi zake kana kwamba jibu lingetoka humo. Profesa Thurnwalder akavua miwani.

"Hakuna," alisema. "Kwa miaka arobaini nimewafundisha vijana wasikate tumbo wasilolipapasa. Hili tumelikata. Naliondoa pendekezo, na naomba idara ya Schilfdorf ijadiliwe hapa, sasa, kwa takwimu zake."

Ikajadiliwa, kwa muda mrefu na kwa kuchosha, kama jambo la haki linavyopaswa kujadiliwa, na chakula cha jioni kikapoa hotelini. Mikono ilipoinuliwa, idhini ilibaki kwa miaka mitano. Watatu wa kamati waliinua mkono, wawili hawakuinua. Edeltraud hakuwachukia hao wawili. Walau aliwaona kwa macho.

Jumamosi, siku ya kufunga, hakukuwa na mihadhara. Edeltraud alikwenda kiwanjani kama kawaida yake na akakuta si chake tena. Kulikuwa na Poldi, aliyeanguka mara mbili na kuilaumu barafu. Kulikuwa na Brandl, akikata duara ndogo kwa wepesi usiotarajiwa wa wanene. Na katikati, juu ya miguu mirefu iliyokataa kukubaliana, alikuwepo mwenyekiti wa kamati ya mafunzo, amekumbatia pengwini wa plastiki, yule ambaye watoto wadogo hupewa wamshike masikio wanapoanza kujifunza.

Edeltraud alimfikia kinyumenyume na kusimama mbele yake bila hata kukwaruza barafu. Akamwambia akunje magoti, aangalie mbali, amwachie pengwini kazi yake. Profesa alitii. Waliposogea hatua chache alipata ujasiri, akashusha sauti na kusema kwamba, kwa kuwa wako wawili, kuna jambo la mwaka ujao kuhusu idara ya mjini Linz alilotaka kumdokeza.

"Ukumbini, Bwana Profesa," alisema Edeltraud, maana kiwanja kile kiko chini ya mita elfu moja.

"Ukumbini, Bi Daktari," alikubali Profesa, akamshika pengwini masikio kwa nguvu zaidi.

Akamwacha hapo, akageuka na kujitupa kwenye nafasi iliyobaki wazi upande wa shule. Juu, viti vya waya vilipita vikiwa karibu vitupu, na kofia ya njano ikazunguka chini yake, mara kwa mbele, mara kinyumenyume.